Jati ni nini hasa, na kwa nini Ambedkar hakuridhika na sheria aliyoiandika mwenyewe

Mwishoni mwa Aprili 2025 serikali ya India ilitangaza kwamba sensa yake ijayo itamuuliza kila mtu jati yake. Mara ya mwisho hesabu ya namna hiyo kufanywa na kuchapishwa kwa ukamilifu ilikuwa 1931, enzi za Mwingereza. Tangu uhuru wamekuwa wakihesabiwa tu walio chini kabisa ya mfumo huo, pamoja na makabila ya asili. Habari ilipofika kwenye redio na simu zetu, maswali yakawa yaleyale ya siku zote. Hivi mambo hayo bado yapo? Si yalishafutwa? Na kwani yana tofauti gani na ukabila wetu, au na habari za tajiri na maskini zilizoko kila nchi?

Ni maswali ya haki. Vyombo vyetu vya habari huandika "tabaka la chini" na kusonga mbele, msomaji anabaki akidhani ni suala la kipato. Nitajaribu kulifungua fundo hili kwa kumfuata mtu mmoja, Bhimrao Ramji Ambedkar, kwa sababu yeye aliliishi, akalisomea, akaliandikia, akapambana nalo kwenye visima na mahakamani, kisha akaongoza kazi ya kuandika Katiba iliyopiga marufuku utengaji wa walio chini kabisa. Na baada ya yote hayo hakuridhika. Ukielewa kwa nini hakuridhika, umeshaelewa jati ni nini.

Tuanze na maana. Jati ni kundi ambalo mtu huzaliwa ndani yake na kufa ndani yake. Watu wake huoana wenyewe kwa wenyewe, na kundi zima lina daraja lake, juu ya fulani na chini ya fulani. Yako maelfu ya jati, na nyingi zimefungamanishwa na kazi ya jadi: wahunzi, wafinyanzi, vinyozi, madobi, wakamua mafuta, wachuna ngozi, wafagiaji. Mtu anaweza kuwa mhasibu wa benki, na baba yake kabla yake alikuwa karani, na bado akahesabiwa wa jati ya vinyozi.

Juu ya maelfu hayo maandiko ya kale ya Kihindu yametandaza mpango mpana wa daraja nne uitwao varna. Wabrahmini, yaani makuhani na wasomi, wako kileleni. Wanafuata Wakshatriya, watawala na wapiganaji, kisha Wavaishya, wafanyabiashara, kisha Washudra, ambao kazi yao imeandikwa kuwa ni kuwatumikia hao watatu. Nje ya hesabu hiyo kabisa wako walioitwa wasioguswa, ambao mguso wao, na mahali pengine hata kivuli chao, ulihesabiwa kutia najisi. Leo wengi wao hujiita Wadalit, yaani waliopondwa. Kwenye makaratasi ya serikali huitwa jati zilizoorodheshwa. Sensa ya 2011 ilikuta ni zaidi ya milioni 200, asilimia 16.6 ya wananchi wote wa India. Hao ni zaidi ya mara tatu ya watu wote waliohesabiwa Tanzania mwaka 2022.

Sasa ukabila. Msukuma na Mnyakyusa, au Mluo na Mkikuyu, wanaweza kutaniana, kunyimana kazi, hata kupigana baada ya uchaguzi. Lakini kila mmoja kwao ana lugha yake, ardhi yake na wazee wake, na hakuna andiko linalosema mmoja ni uchafu kwa mwenzake. Watu wa jati mbalimbali huishi kijiji kimoja, husema lugha moja, mara nyingi huomba miungu ileile. Kinachowatenga ni cheo ambacho kila mmoja pale kijijini anakijua kwa moyo, kuanzia anayefaidika nacho hadi anayekandamizwa nacho.

Ambedkar mwenyewe alipata mfano ambao sijaona mwingine wa kuushinda. Januari 1920 alianzisha gazeti la Kimarathi liitwalo Mooknayak, na katika toleo la kwanza akaifananisha jamii ya Kihindu na jengo la ghorofa nyingi lisilo na ngazi wala mlango. Kila mtu hufia ghorofa ileile aliyozaliwa. Aliye chini, hata awe na uwezo namna gani, hapandi. Na aliye juu, hata awe hovyo namna gani, hashuki.

Kwa hiyo fedha haibadilishi ghorofa. Mwaka 1978 Jagjivan Ram, Mdalit aliyekuwa waziri wa ulinzi wa India, alizindua sanamu katika mji wa Varanasi. Alipoondoka, sanamu ikaoshwa kwa maji ya mto Ganga. Waziri mwenye jeshi zima chini ya amri yake, na jiwe alilolifunulia pazia linaogeshwa. Rangi ya ngozi nayo haisaidii: huwezi kumtazama mtu usoni ukajua jati yake kwa hakika. Ndiyo maana mgeni huulizwa jina la ukoo, kijiji cha kwao, kazi ya baba, na kama anakula nyama. Ni maswali ya kawaida ya kufahamiana, ila majibu yake yanapangwa kichwani mwa anayeuliza.

Ambedkar alizaliwa 14 Aprili 1891 Mhow, mji wa kambi ya jeshi katikati ya India, mtoto wa 14 wa mwanajeshi. Walikuwa wa jati ya Mahar, ambao kijijini walikuwa wa kutumwa barua, kulinda mipaka na kuondoa mizoga ya ng'ombe. Baba alikuwa na mshahara na alijua kusoma, kwa hiyo mtoto hakulala njaa. Aliyokutana nayo shuleni ameyaandika mwenyewe. Alikaa peke yake juu ya gunia alilotoka nalo nyumbani, na jioni akarudi nalo, maana mfagiaji wa darasa hakukubali kuligusa. Akishikwa na kiu hakuruhusiwa kufungua bomba. Ilibidi tarishi wa shule amfungulie. Tarishi asipokuwepo, hakuna maji. Kinyozi hakumnyoa, ingawa hela ya kumlipa ilikuwepo. Dada zake ndio waliomkata nywele.

Mwaka 1901, akiwa na miaka tisa, alisafiri kwa treni na kaka yake na watoto wa dada yake kumfuata baba kazini. Hakuna aliyekuja kuwapokea stesheni. Walikuwa wamevaa vizuri, na mkuu wa stesheni akawaendea kwa upole, akawauliza ni akina nani. Bhimrao akajibu bila kufikiri kwamba ni Wamahar. Uso wa yule bwana ukabadilika palepale, akaondoka kurudi chumbani kwake. Wenye magari ya ng'ombe walikuwa wengi wakisubiri abiria, lakini hakuna aliyewataka. Mwishowe mmoja akakubali kwa masharti mawili: nauli mara mbili, na watoto waendeshe gari wenyewe huku yeye akitembea kando. Walikuwa na chakula tele, ila hawakukila, kwa sababu usiku kucha hawakupata mtu wa kuwapa maji.

Yule mwenye gari alikuwa maskini wa kuhitaji nauli. Watoto walikuwa na fedha za kulipa. Bado aliyelipwa ndiye aliyejiona bora, na aliyelipa ndiye aliyekuwa najisi. Kwa nini? Jibu rahisi ni kwamba watu wa zamani walikuwa wajinga na wenye roho mbaya. Ambedkar hakulikubali jibu hilo.

Alipata nafasi ya kutafuta jingine alipofadhiliwa na mtawala wa jimbo la Baroda kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1913. Baadaye angesoma pia London, akapata shahada ya udaktari katika vyuo vyote viwili na kuwa wakili. Lakini tarehe 9 Mei 1916, akiwa na miaka 25, alisoma mbele ya darasa la anthropolojia makala ambayo kwa maoni yangu ndiyo ufunguo wa kila alichofanya baadaye. Swali lake lilikuwa hili: ukiondoa kila kitu cha juujuu, jati inasimama juu ya nini?

Watu walisema unajisi. Akasema hapana, unajisi ni desturi ya makuhani iliyoko hata pasipo na jati. Walisema kazi. Hapana tena, watu wa kazi moja wako duniani kote na hawawi jati. Kinachobaki ni ndoa. Kundi likikataza watu wake kuoa na kuolewa nje, limekuwa jati. Likiruhusu, uzio unaanguka ndani ya vizazi vichache, kwa kuwa wajukuu hawajulikani tena ni wa upande upi.

Kisha akafanya hesabu. Kundi likijifungia ndoa ndani, lazima wanaume na wanawake wanaoweza kuoana wabaki wakilingana. Kifo kinaharibu hesabu hiyo. Mume akifa, mjane amezidi. Akiachwa huru, ataolewa nje na kuvunja uzio, au ataolewa ndani na kumnyang'anya msichana mchumba. Jamii ilipata njia mbili za kumwondoa: achomwe pamoja na maiti ya mumewe, au abaki mjane maisha yake yote, amenyolewa na kuvuliwa mapambo. Mke akifa, mume naye amezidi. Lakini yeye ni mwanamume, hachomwi. Anatafutiwa mke kutoka kwa wale ambao bado hawajafikia umri, yaani mtoto. Kwa hiyo kuchomwa wajane, marufuku ya wajane kuolewa na ndoa za watoto, mambo matatu ambayo wamishonari na maofisa wa Kiingereza waliyaorodhesha kama ukatili wa aina tatu tofauti, kwake ni vyuma vya mtambo mmoja. Kazi ya mtambo ni kulinda uzio wa ndoa.

Ukisoma habari za leo za vijana wa India waliouawa na ndugu zao kwa kuoana nje ya jati, utaona mtambo ungali unazunguka. Mtu anaweza kufanya kazi ofisi moja na Mdalit, akapanda naye basi moja, akala naye mgahawani. Balaa linaanza siku binti anapomtaja kijana anayemtaka.

Msomaji wa Mwambao hahitaji maelezo marefu hapa. Habari ya kufu, yaani kulingana kwa nasaba katika ndoa, anaijua, na anajua kwamba zamani Masharifu wa Lamu hawakuwa wakiwaoza binti zao kwa mtu asiye Sharifu. Ongeza juu ya hilo maelfu ya makundi, yote yamefunga, yote yamepangwa kwa daraja, na maandiko ya dini yanayosema mpango huo umetoka mbinguni. Uzito wake ndio huo.

Makala ile ilikuwa na hoja nyingine moja. Wabrahmini walijifungia kwanza, kisha waliofuata wakawaiga, na waliofuata hao wakawaiga hao. Kwa maneno yake, wengine walifunga mlango, na wengine wakakuta umefungwa. Miaka mingi baadaye alieleza matokeo yake: ukosefu wa usawa uliopangwa kwa ngazi ni mgumu kuangusha kuliko ule wa bwana na mtumwa tu, kwa sababu karibu kila aliyekandamizwa ana wa kumkandamiza. Mshudra anadharauliwa na Mbrahmini lakini bado ana wa kumdharau. Hata miongoni mwa wasioguswa kuna jati zisizooana. Muungano wa wanyonge unavunjika kabla haujaanza.

Turudi kwenye maji. Alirudi India 1917 kumtumikia mfadhili wake Baroda, na matarishi wa ofisi walikuwa wakimrushia mafaili mezani kwa mbali wasije wakamgusa. Hakupata nyumba ya kupanga. Alijificha kwa jina la Kiparsi katika nyumba ya wageni ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, mpaka wanaume wenye fimbo walipokuja kumtoa. Hapo alikuwa tayari na shahada ya Columbia. Anayesema elimu inamaliza jati aanze kwa kulieleza hilo.

Miaka kumi baadaye ikaja Mahad, mji mdogo kusini mwa Bombay. Huko kulikuwa na bwawa la umma liitwalo Chavdar. Mwaka 1923 Baraza la Kutunga Sheria la Bombay lilipitisha azimio kwamba visima na mabwawa ya umma yawe wazi kwa wasioguswa pia. Mwaka uliofuata halmashauri ya Mahad ikakubali kulifungua bwawa lake. Ikawa hivyo kwenye karatasi. Hakuna Mdalit aliyethubutu kwenda. Waislamu walikunywa, Wakristo walikunywa, ng'ombe walikunywa.

Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar aliongoza maelfu ya watu hadi bwawani. Akainama, akachota maji kwa kiganja, akanywa, na wenzake wakanywa. Ndivyo tu. Haukupita muda, uvumi ukatembea mjini kwamba sasa wanaenda kuvamia hekalu, na watu wenye fimbo wakawashambulia waandamanaji wakiwa wanakula na kurudi makwao. Kisha bwawa likatakaswa: vyungu 108 vya maji vilichotwa, na vitu vitokavyo kwa ng'ombe, yaani maziwa, mtindi, kinyesi na mkojo, vikachanganywa na kumiminwa bwawani huku makuhani wakisoma mantra. Mkojo wa ng'ombe ulihesabiwa kusafisha kile ambacho midomo ya watu ilikuwa imekichafua. Desemba mwaka huohuo Ambedkar na wenzake walirudi Mahad, wakachoma moto hadharani nakala ya Manusmriti, kitabu cha kale kinachogawa haki na adhabu kwa kufuata daraja la kuzaliwa. Kesi ya bwawa iliendelea mahakamani hadi 1937, walipoishinda katika Mahakama Kuu ya Bombay. Miaka kumi ya mawakili, kwa ajili ya ruhusa ambayo ilishatolewa tangu 1924.

Hapa kwetu watu wengi husema Gandhi ndiye aliyeondoa jati. Si kweli, ingawa si uongo mtupu. Gandhi aliupinga utengaji wa wasioguswa kwa nguvu zake zote, akawaita watu wa Mungu, akaishi nao. Lakini kwa miaka mingi aliutetea mpango wenyewe wa varna akiamini unaweza kusafishwa. Ambedkar aliona kwamba huwezi kusafisha ghorofa ya chini ukaacha jengo.

Walikabiliana wazi mwaka 1932. Uingereza ilikuwa imewapa wasioguswa viti 71 katika mabaraza ya mikoa, na wapiga kura wa viti hivyo wangekuwa wao wenyewe tu. Gandhi, akiwa gerezani Yerwada, alisema mpango huo utawapasua Wahindu vipande viwili, na tarehe 20 Septemba akaanza kufunga mpaka kufa. Fikiria ulivyokuwa upande wa Ambedkar: mzee anayependwa kuliko wote nchini akifa, kisasi kitawaangukia Wadalit waliotapakaa vijijini. Tarehe 24 Septemba akatia saini mapatano ya Poona. Viti vikapanda hadi 148, ila mwenye kukalia kiti angechaguliwa na wapiga kura wote. Anayejua mijadala yetu kuhusu viti maalumu ataliona tatizo haraka: mwakilishi wako anategemea kura za wale aliotumwa kuwapinga. Ambedkar alilijutia hilo hadi mwisho, na mimi namwelewa.

Mwaka 1936 chama kimoja cha Lahore kilichotaka kuvunja jati kilimwalika kutoa hotuba kuu. Walipoisoma rasimu wakamwomba apunguze makali. Akakataa hata koma isiguswe, mkutano ukafutwa, naye akaichapisha kwa gharama yake nakala 1,500. Ndiyo hotuba inayosomwa zaidi kuliko maandishi yake yote, *Annihilation of Caste*. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na chungu kuimeza. Wanaodai jati ni mgawanyo wa kazi tu, alisema, wanasahau kwamba inawagawa wafanyakazi wenyewe na kuwapanga kwa daraja. Watu hawashiki jati kwa ubaya wa moyo, wanaishika kwa kuwa ni wacha Mungu. Kula pamoja hakutoshi. Dawa ni watu kuoana, na hawataoana mpaka wavunje mamlaka ya maandiko yanayowakataza. Mwanafunzi wa 1916 hakuwa amebadilisha jibu.

Kwa hiyo tunapofika kwenye Katiba tusishangae. Agosti 1947 aliteuliwa mwenyekiti wa kamati ya kuiandika, akiwa pia waziri wa sheria wa kwanza wa India huru. Ibara ya 17 inafuta utengaji wa wasioguswa na kuufanya kosa. Isome vizuri: imefuta utengaji, haijafuta jati. Jati yenyewe haikupigwa marufuku popote, na sijui ungeipigaje marufuku. Hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mzazi kupokea posa. Novemba 1949, katika hotuba yake ya mwisho bungeni kabla Katiba haijapitishwa, Ambedkar alionya kwamba nchi inaingia kwenye maisha ya kujipinga: kura moja kwa kila mtu kwenye siasa, na nyumbani kila mtu na cheo chake.

Akajaribu kuingia humo nyumbani kwa mlango wa sheria za ndoa, talaka na urithi. Muswada wake wa sheria ya familia za Kihindu ulimpa mwanamke haki ya kurithi na ya kuachana, na kuruhusu ndoa zivuke jati. Ulipigwa danadana bungeni hadi akajiuzulu uwaziri mwaka 1951. Wengi hulipita tukio hilo haraka wanaposimulia maisha yake. Kwangu ndilo linalothibitisha kwamba alijua tangu zamani uzio umejengwa wapi. Tarehe 14 Oktoba 1956, Nagpur, aliuacha Uhindu na kuingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya watu. Wiki zisizozidi nane baadaye, 6 Desemba, alifariki.

Sheria imefanya kazi, na asiwepo wa kuibeza. Asilimia 15 ya nafasi katika vyuo vya umma na ajira za serikali kuu zimetengewa jati zilizoorodheshwa, asilimia 7.5 makabila ya asili, na baadaye asilimia 27 jati nyingine zilizoachwa nyuma. Bila hizo India isingekuwa na majaji, madaktari na marais Wadalit. Malalamiko kwamba "wanapendelewa" husahau kwamba sekta binafsi, iliko sehemu kubwa ya ajira, haina mgawo huo.

Lakini tazama palipobaki. Utafiti mkubwa wa kaya wa 2011–12 ulikuta ndoa zinazovuka jati ni kama asilimia 5 tu. Wanaoshuka kwenye mitaro ya maji taka na mashimo ya vyoo, wengine wakifa kwa hewa ya sumu, wengi wao ni Wadalit, ingawa sheria ya 2013 imekataza kuwatumia watu kuzoa kinyesi kwa mikono. Na hadi Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ilipozifuta, kanuni za magereza katika majimbo kadhaa zilikuwa zikiwapangia wafungwa kazi kwa jati: wa juu wapike, wa chini wafagie vyoo. Ibara ya 17 ilikuwa na miaka 74 kamili.

Wala si mambo ya Wahindu peke yao. Wasioguswa waliokimbilia Ukristo walikuta makanisa yaliyowatengea viti, na mahali pengine makaburi yaliyogawanywa kwa ukuta. Waislamu wa India wana koo zinazojihesabu za wageni watukufu kutoka Uarabuni na Uajemi, na nyingine zinazohesabiwa za wafagiaji, na hizo mbili hazioani. Wote hao dini zao zinakataza. Juu ya hayo, amri ya serikali ya 1950, kama ilivyorekebishwa, inawatambua Wadalit Wahindu, Wasikh na Wabudha tu. Mdalit akiwa Mkristo au Mwislamu anapoteza mgawo, hata kama majirani zake hawajaona badiliko lolote.

Nje ya Bara Hindi mjadala umefika pia. Februari 2023 Seattle ulikuwa mji wa kwanza Marekani kupiga marufuku ubaguzi wa jati. Jimbo la California lilipitisha muswada kama huo mwaka huohuo, gavana akaukatalia saini akisema sheria zilizopo zinatosha.

Na Afrika Mashariki? Mwaka 2017 Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, kana kwamba ni kitu kimoja. Ndani ya hilo kabila moja kuna Walohana, Wapatel, Waoshwal ambao ni Wajaini, Wabhatia, na Waramgarhia, Wasikh wa jadi ya useremala na uhunzi ambao ndio Kalasinga wengi wa karakana za reli na gereji zetu. Kila jamii ina chama chake, na zilizojiweza zina ukumbi wake. Hapa jati ilipoteza mengi. Mtu aliyesafiri jahazini na kufungua duka Tabora au Kisumu asingeweza kuchagua nani amguse akimpa chenji. Hapakuwa na kijiji chenye kisima cha wakubwa. Mwingereza naye aliwaweka wote ghorofa moja, chini ya Mzungu na juu ya Mwafrika, bila kuuliza baba yako alikuwa mfinyanzi au kuhani. Sheria za chakula zililegea, za kazi zikafa karibu zote. Kitu kilichodumu vizazi vitatu, vinne, ni ndoa. Ungetaka jaribio la makala ya 1916 mbali na Manusmriti na mbali na Wabrahmini, usingepata zuri kuliko hili.

Mfano ulio karibu zaidi wa ubaguzi wa nasaba hautoki India. Miongoni mwa Wasomali, jamii za Tumal, Yibir na Gaboye, kwa jadi wahunzi, wachawi na wachuna ngozi, hazijaribu kuposa kwenye koo kubwa bila kutafuta ugomvi. Watwa wa Burundi na Rwanda wamepita vizazi wakinyimwa chombo cha kunywea pamoja na wengine. Mwaka 2002 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi wa rangi ilitamka kwamba ubaguzi wa nasaba, jati ikiwemo, unaingia kwenye mkataba wake. India ilipinga na inaendelea kupinga.

Anayetaka kumsoma Ambedkar mwenyewe asianze na maandishi mazito. Serikali ya Maharashtra imekuwa ikichapisha kazi zake tangu 1979, mabuku kwa mabuku, na mengi yanapatikana bure intanetini. Yale masimulizi ya gunia, stesheni na Baroda yako kwenye kijitabu kifupi, *Waiting for a Visa*, cha kumalizwa jioni moja. Kisha makala ya 1916, ambayo nayo si ndefu. Hotuba ya Lahore iwe ya tatu.